Mahali Tofali Linaposimama

Nyie vijana mnaowasha winchi na kuangalia matofali mia yakipanda ghorofani kama abiria wa daraja la kwanza, siwaonei wivu. Nawaonea huruma, tena kidogo tu. Hamjawahi kuliona tofali likisimama hewani.

Husimama, nawaambia. Ukilirusha juu linatoka mkononi na haraka yake, linapanda, linachoka, linachoka zaidi, na kabla ya kugeuka kurudi chini linatulia kabisa. Ni kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Mdakaji akiwa na mkono hapo hapo, analichukua kama unavyochukua kikombe cha chai mezani. Mkono ukiwa chini ya hapo, tofali linampiga likiwa bado linapanda. Mkono ukiwa juu ya hapo halimfikii, linamrudia aliyelirusha. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini, kuanzia Kingolwira mpaka Kihonda, ilikuwa kulisimamisha tofali pale ulipo mkono wa Faustini.

Faustini alikuwa mdakaji wangu, na habari hii ni yake. Nilimvunja vidole viwili kwa hesabu. Kuanzia siku ile nilitafuta namna ya kumwomba msamaha nikaikosa, na sababu yake ni hii: mimi Mnyamwezi niliyezaliwa Msamvu, yeye Mluguru wa Matombo. Sisi ni watani. Mtani hamkasirikii mtani, hiyo ni sheria tuliyoikuta. Akikukosea unamtoza faini ya jogoo, mnacheka, yameisha. Ni desturi nzuri sana, mpaka siku unapotaka kusema pole na ieleweke kuwa ni pole. Kila nilipofungua kinywa, watu walisubiri kichekesho.

Lakini kwanza kazi yenyewe, maana haijaandikwa popote, na nikifa nayo itabidi wanichimbue.

Unaanza kwa kuligonga tofali kwa kifundo cha kidole. Likilia kama sahani, limeiva tanurini. Likijibu kwa sauti ya mbao mbichi, liweke kando, litakatikia hewani na nusu yake itakutafuta. Viganjani tulifunga vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu tofali la kuchoma ni msasa. Mwezi wangu wa kwanza nilifanya kazi bila tyubu, alama za vidole zikafutika zote kumi. Laiti ningekuwa mwizi, polisi wa mkoa mzima wasingenipata. Unasimama nusu hatua nje ya jukwaa, si chini yake. Unalishika kwa mikono miwili, ubapa chini, unachota kutoka magotini kama mtu anayemwaga maji ya ndoo kwenda juu, unaliachia mikono ikiwa juu kidogo ya kichwa. Na lisizunguke. Tofali linalozunguka halina pa kushikwa.

Hapo hakuna hesabu, mnaona. Miaka yote hiyo sikuwa na hesabu. Nilikuwa darasa la saba mwenye mabega.

Na juu alikuwepo Faustini, mfupi, mwepesi, anatembea kwenye ubao mwembamba kana kwamba yuko barabarani. Mnadhani mdakaji anakodoa macho kwa tofali? Yule alikuwa anaangalia mlima. Nazidisha chumvi mara kwa mara, mke wangu atawaambia, lakini hapa sizidishi. Mimi nasema "Hee!", yeye ananyoosha mikono huku uso ameuelekeza kilele cha Lupanga, tofali linatulia viganjani, analipitisha kwa fundi, na maneno hayakatiki.

"Mlima umevaa kofia," anasema. "Tuna saa moja kabla ya mvua. Mnyamwezi!"

"Sema, mtani."

"Babu yako alibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe mjukuu tofali moja limekushinda kubeba, unalitupa!"

"Na wewe tumekupandisha huko juu kwa huruma. Mluguru akikaa tambarare anashikwa na kizunguzungu."

"Nyie," anasema Fundi Mbaraka, mwashi wetu, bila kuinua macho kwenye timazi, "ukuta hauli maneno. Leteni tofali."

Siku tukichangamka tulipandisha matofali elfu mbili. Haya, elfu moja na mia tatu. Na halikuanguka hata moja.

Basi shetani wa elimu akanipitia. Nilikuwa nimeshavuka arobaini nilipojiandikisha masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Tulisomea kwenye shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nilifika saa kumi na moja na suruali yenye saruji. Mwalimu wetu wa Fizikia, Madamu Neema, alikuwa na umri wa binti yangu mkubwa, kwa hiyo kila kipindi tulianza kwa vurugu: yeye ananiamkia shikamoo kwa kuwa mimi mzee, mimi nasimama wima kwa kuwa yeye mwalimu, hakuna anayejua nani akae kwanza.

Jioni moja alirusha chaki juu akaidaka.

"Ilipofika juu kabisa, kabla ya kurudi, kasi yake ilikuwa ngapi?"

Watu wamechoka, wengine wanawaza ugali.

"Sifuri," nikasema.

"Vizuri sana, mzee wangu! Nani kakufundisha?"

"Faustini."

Aliandika ubaoni kwa Kiingereza kisha akatufafanulia kwa lugha ya watu. Ukitaka kitu ukirushe kisimame kwenye kimo fulani, chukua kimo hicho, zidisha kwa mbili, zidisha kwa kumi, ambayo ndiyo nguvu ya dunia kuvuta vitu kwake, halafu tafuta kipeuo cha pili. Unachopata ni kasi ya kurushia, mita kwa sekunde. Na ukiigawa kasi hiyo kwa kumi, unapata sekunde ambazo kitu kitatumia kupanda.

Vijana, sijui niwaelezeje. Mtu umeimba wimbo mmoja maisha yako yote, mara unaambiwa wimbo ule una maandishi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli naikokota pembeni, nimesahau kuwa hupandwa.

Wakati huo tulikuwa tunajenga hosteli ya wanafunzi kule Kihonda, tumefika ghorofa ya kwanza. Kesho yake nikachukua tepu, nikapima kutoka ardhini mpaka kwenye viganja vya Faustini. Mita tano kamili. Mbili mara kumi mara tano, mia. Kipeuo cha pili cha mia, kumi. Kumi! Haikubaki hata nukta. Nikaona hesabu safi namna hii imeshuka kutoka mbinguni. Na muda wa kupanda, sekunde moja kamili.

Nikaazima saa ya kubonyeza ya Madamu. Jumapili nzima nilikuwa uani, mke wangu Mama Zuhura ameshika saa, mimi narusha. Anabonyeza tofali likitoka mkononi, anabonyeza likisimama.

"Sekunde kasoro."

Naongeza.

"Bado kasoro. Baba Zuhura, mbona kazini hukuwahi kuuliza saa?"

"Kazini nilikuwa mjinga."

Kuku wa jirani walihama. Wengine wako Dodoma mpaka leo. Lakini ilipofika saa kumi mkono wangu ulikuwa umeshika sekunde moja, haipungui, haizidi. Sikujiuliza kwa nini nililazimika kuongeza nguvu kuliko siku zote. Hilo mliweke moyoni: mwili ulikuwa unaniambia, na mimi niliunyamazisha kwa sababu haukuwa na cheti.

Jumatatu asubuhi nikamwita Faustini kabla hajapanda.

"Leo unadaka kwa sayansi, mtani."

"Sayansi inauma?"

"Haiumi."

"Basi leta."

Akapanda. Akauelekeza uso Lupanga kama kawaida. Nikasema "Hee!", nikachota, nikaachia.

Tofali halikutulia mikononi mwake. Lilipita. Liliingia katikati ya viganja likiwa bado lina safari, likavikunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kuelekea nyuma, likaendelea kupanda urefu wa mtu mzima juu yake, ndipo likageuka na kuja kupasukia kwenye karai la Fundi Mbaraka. Faustini alikaa chini kwenye ubao taratibu, kama mtu anayekaa kanisani. Akasema sentensi moja kwa Kiluguru. Sijawahi kumwuliza maana yake.

Hospitali walimfunga hogo la plasta. Nilikwenda kumwona nikiwa nimejiandaa, maneno nimeyapanga njia nzima, na nilipofika mlangoni tu akaniwahi.

"Faini jogoo mmoja! Na jogoo huyo usimrushe, mlete kwa miguu."

Ndugu zake wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Jogoo nikampeleka. Maneno nikarudi nayo nyumbani.

Jioni nikamwekea Madamu Neema daftari mezani. "Kanuni yenu imemvunja mtu," nikamwambia.

Alisoma polepole, kidole kinafuata mistari. "Ulipima kutoka wapi?"

"Kutoka chini."

"Tofali liliondokea chini?"

Nikalivuta daftari, nikasoma tena.

"Mzee wangu, ulipoliachia, mikono yako ilikuwa wapi?"

Ilikuwa juu ya kichwa. Mita moja na sentimita themanini kutoka ardhini, tulipima kwa rula ya ubao pale pale darasani. Toa kwenye tano, safari ya tofali ilikuwa mita tatu na sentimita ishirini tu. Mbili mara kumi mara tatu nukta mbili, sitini na nne. Kipeuo cha sitini na nne ni nane. Nane, si kumi.

"Tofauti si kubwa," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Ni kubwa." Akaandika chini ya hesabu yangu. Mia toa sitini na nne, thelathini na sita. Kipeuo chake sita. Tofali lilipaswa kumfikia Faustini na kasi ya sifuri. Lilimfikia na mita sita kwa sekunde, sawasawa na mtu kudondoshewa tofali mikononi kutoka kimo cha mita moja na sentimita themanini. Kimo kile kile nilichosahau kukitoa.

Na kuna kitu nilikiona mwenyewe, hakuniambia. Mikono yangu ilikuwa ikirusha nane miaka yote. Kila siku, kila tofali, nane, bila kuambiwa na mtu. Mimi ndiye niliyeifundisha kumi.

Msije mkasema mzee anawakataza kusoma. Kanuni haikuwa na kosa hata chembe. Kosa lilikuwa la mtu aliyepima kutoka kwenye udongo wakati tofali lilitoka kwenye mikono ya mtu. Hesabu ianzie pale kitu kinapokuacha. Nimewaambia vijana wengi hilo, na wote wameitikia haraka mno.

Hogo lilipotolewa Faustini alirudi kazini. Vidole viwili havikukunjika tena, vilibaki vimesimama. Akapanda jukwaa la upande wa pili, akadaka kwa mrushaji mwingine. Nilisubiri siku tatu. Ya nne nikaenda chini ya jukwaa lake.

"Mtani, rudi upande wetu."

"Sikukasirika," akasema. "Nikikasirika utanitoza faini. Ila miguu yangu ikikuona wewe chini, inashuka yenyewe."

Nikachukua chaki, nikamwandikia ukutani hesabu mpya, nane, nikapigia mstari mara mbili. Alitazama kutoka juu, ameinamisha kichwa.

"Sasa Mnyamwezi, unataka nikudakie au nikusahihishie daftari?"

Jengo zima likacheka. Fundi Mbaraka, mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake, alicheka. Nikacheka na mimi. Utani unakataza hasira. Haukatazi woga. Angenitukana ningejibu kwa kupiga magoti, lakini mtu anayekuchekesha utampigia magoti vipi?

Mtihani nilifaulu. Fizikia nilipata C, na cheti kiko ukutani kwangu mpaka leo. Kila nikikiangalia naona C ile imeandikwa kwa vidole vya mtu mwingine.

Kabla hosteli haijaezekwa Faustini alirudi Matombo, kwenye migomba na mikarafuu ya baba yake. Nikafanya kazi na wadakaji wengine, na wengine walikuwa hodari, nisiwakoseshe haki yao. Walinikodolea macho mimi, wakadaka, wakapitisha. Hakuna aliyeniambia mvua itafika saa ngapi. Nililoa sana miaka ile. Baadaye matofali ya saruji yakaja, hayo harushi mtu mwenye akili timamu, zikaja winchi, na neno mrushaji likafa bila msiba.

Siku hizi nikipita karibu na majengo yetu ya zamani natembea polepole. Yamepigwa lipu, huoni tofali hata moja, lakini mimi nayaona. Nakumbuka nikirusha, nikisikia kule juu *pa*, sauti ndogo ya kiganja chenye tyubu, na neno lake halikukatika. Nilifanya kazi na mtu aliyenyoosha mikono hewani bila kutazama, mara elfu na elfu, kwa sababu mimi nilikuwa chini. Jambo hilo halijanitokea tena mahali popote, hata nyumbani kwangu, na Mama Zuhura ananipenda.

Mwaka huu, masika yalipokatika, simu ikalia.

"Mnyamwezi, bado unapumua?"

"Napumua kwa zamu."

"Najenga mnara wa kuwekea tangi la maji. Mwashi amefiwa, amekwenda kwao, ameniachia kozi mbili za mwisho za matofali. Njoo."

Sikulala vizuri. Siku mbili nikafanya mazoezi uani, nikiwa na tofali moja na mgongo wenye malalamiko. Nilipima kwa tepu, kutoka mikononi, mara kumi. Nane, saba na nusu, saba, nilikuwa tayari kwa kimo chochote ambacho angesimama. Nikapanda gari la Matombo nikiwa na hesabu mfukoni na maneno yangu ya miaka yote kifuani.

Nilimkuta mbele ya mnara, mvi kichwa kizima, amevaa buti za mpira. Veronika, mkewe, alitoka jikoni akanikaribisha. Tukatukanana kama inavyotakiwa, tukanywa uji. Kisha nikavua koti, nikachukua tofali, nikaligonga. Lilikuwa limeiva. Nikasimama nusu hatua nje ya jukwaa.

"Weka chini," Faustini akasema. "Panda."

"Nani?"

"Wewe. Leo mimi narusha."

Nikapanda. Mita tatu tu, vijana, milunda imara na mbao mbili zimelala juu yake, nami nilizishika kama mtu aliye kwenye mnara wa simu. Miaka yote nilikuwa nimelitazama tofali likiondoka. Sikuwahi kusimama mahali ambapo linakuja. Kutoka juu mtu wa chini unamwona kichwa na mabega, huoni uso wake, hujui anawaza nini. Una mikono yako tu, imenyooshwa.

"Hee!" akasema.

Tofali lilipanda limeinama upande, kwa sababu vidole viwili havikulishika. Likachoka mapema. Likasimama shibiri moja chini ya ubao niliokanyaga, likarudi, akaruka pembeni likaangukia mchanga.

"Ongeza," nikasema.

Akarusha la pili. Pale pale. La tatu, pale pale, kama limegota dari isiyoonekana. Kichwa changu, kwa ukorofi wake, kikaanza hesabu bila kuombwa: linatoka mikononi mwake kifuani, linapanda mita moja na robo. Mbili mara kumi mara moja na robo, ishirini na tano. Kipeuo, tano. Mita tano kwa sekunde. Hiyo ndiyo yote iliyobaki mkononi mwa Faustini, na sehemu ya iliyopungua niliijua imekwenda wapi.

Alisimama ameshika kiuno, anahema. "Mkono umeisha, mtani," akasema, na hakukuwa na mzaha ndani yake.

Basi nikapiga magoti. Halafu nikalala kifudifudi juu ya mbao, kidevu kwenye ukingo, nikaishusha mikono yote miwili chini.

"Makubwa! Mgeni amelala kazini," Veronika akasema kutoka jikoni.

Faustini alinitazama, na kwa kuwa nilikuwa nimelala, kwa mara ya kwanza siku ile niliuona uso wake wote. Akaokota tofali. Akachota kutoka magotini. Likapanda limeinama upande, likachoka, likasimama, na liliposimama lilikuwa ndani ya viganja vyangu, jepesi kama mkate.

"Faustini," nikasema. "Nisamehe vile vidole."

Nilisubiri jogoo. Nilisubiri babu yangu na mizigo yake. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akainama, akachukua tofali jingine, akainua macho kupima mahali nilipo.

"Shusha mikono kidogo," akasema. "Kidogo tena. Hapo. Hapo hapo."